Sauti Iliyorudi na Umeme

Siku ya sita bila umeme, Tazim alisikia feni ya kompyuta ikizunguka sebuleni.

Alikuwa jikoni akimenya muhogo wa mchana, na mwanzoni alidhani ni upepo. Kimbunga kilikuwa kimebandua mabati matatu ya barazani, na tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa inapiga miluzi. Lakini feni ile aliijua. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo kila ilipozunguka, kama mtu anayesafisha koo kabla hajasema. Akaweka kisu chini, akaenda kusimama mlangoni. Sauti ikakoma.

Nguzo za umeme zilikuwa bado zimelala kwenye mashamba ya miwa, kutoka makazi yao mpaka mjini Labasa. Nguzo ya pale kwenye kivuko ilikuwa imeangukia mtoni na nyaya zake zote. Na waya wa kompyuta Tazim mwenyewe aliuchomoa asubuhi ya baada ya kimbunga. Aliuona pale ulipokuwa, sakafuni, ncha yake imeelekea ukutani.

Kamrun, mkewe, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni iliyozimika, mikono mapajani.

"Umesikia hiyo feni?" Tazim alimuuliza.

Kamrun hakugeuka. "Labda imechoka kukaa kimya," alisema.

Tazim akarudi kwenye muhogo wake. Tangu msiba, mkewe alikuwa akisema mambo ya namna hiyo, naye alishajifunza kutouliza zaidi.

Mtambo ule aliuunda mtoto wao wa pekee, Irshaad. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye duka moja la mjini, na vifaa vilivyoachwa na wateja alivikusanya kidogo kidogo mpaka akaijaza sebule: televisheni pana ukutani, kompyuta nyeusi chini yake, spika mbili mbele, moja katikati, na mbili nyuma ya kiti cha mama yake. Mwenyewe aliuita "sinema ya Mama." Kanda zote za harusi na sikukuu alizihamishia humo. Yeye mwenyewe alikuwamo pia, tangu ana miaka minne juu ya baiskeli ya magurudumu matatu mpaka ana ishirini na sita, akikaanga samaki uani huku mama yake akimrekodi kwa mkono unaotikisika.

Miezi kumi na minne kabla ya kimbunga hiki, mwezi Machi, mvua ilipandisha mto juu ya kivuko cha saruji. Irshaad alijaribu kuvuka na pikipiki akitoka kazini. Walimpata siku ya pili, chini kabisa, kwenye mikoko.

Watu wote wa makazi yale walijiuliza kwa nini kijana mwenye akili zake alipita kivukoni badala ya kuzunguka darajani. Mmoja tu alikuwa na jibu. Siku ile fainali ya raga ilikuwa inakaribia kuanza, na televisheni ilikuwa na picha lakini haina sauti. Kamrun alikuwa jiko la nje. Tazim akachukua simu, akampigia mwanawe, akamwambia aje upesi aitengeneze, mchezo unaanza. Irshaad akajibu kwamba anakuja. Simu ya Irshaad ilikwenda na mto, na hakuna aliyeuliza. Tazim alisimama kaburini, akapokea mikono ya watu, akanyamaza. Miezi kumi na minne alinyamaza.

Kamrun alipata dawa yake pale sebuleni. Kila siku baada ya swala ya alasiri alishika rimoti, akakaa na mwanawe mpaka magharibi. Alipokuwa hapo alikula. Saa nyingine zote ilibidi abembelezwe.

Umeme ulirudi siku ya kumi na moja, saa sita mchana. Majirani walipiga kelele barabara nzima. Friji ikatetemeka, televisheni ikawaka na kuandika kwamba hakuna kinachoingia. Tazim akaichomeka kompyuta, haikuwaka. Kamrun akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Tazim alihesabu mara tisa kabla hajamshika mkono. Siku hiyo Kamrun hakula, na kesho yake hakula.

Ndipo Tazim alipompigia Salote.

Salote alikuwa ameketi meza moja na Irshaad dukani kwa miaka minane. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito na mizaha mingi, na kimbunga kilikuwa kimemchukulia paa. Barabara ya kwao ilikuwa imefunikwa na udongo wa mlima, kwa hiyo alisema watafanya kazi kwa simu.

"Mjomba, miaka thelathini umetengeneza mitambo ya kiwanda cha sukari. Kasanduku haka kanakutisha?"

"Mitambo ya kiwanda niliipiga nyundo."

"Basi hii usiipige. Fungua ubavu wake, kisha uniambie unanusa nini. Kitu kilichoungua kinajitambulisha chenyewe."

Tazim akafungua skrubu mbili, akavuta bati la ubavuni. Alitegemea harufu ya plastiki iliyoungua, na kweli ilikuwapo, kwa sababu mjusi kafiri mmoja alikuwa ameungua na kukaukia kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Lakini chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine. Ilikuwa harufu ya tope la mto. Akaingiza kidole, akakitoa kikiwa na utelezi wa kijivu, mbichi, laini kama unga uliolowa.

Salote aliuliza kama maji yaliingia ndani ya nyumba. Tazim akamwambia hayakuingia, nyumba iko juu ya nguzo. Kisha Salote akasema afute kwa kitambaa kikavu, aache ikauke, labda ni vumbi la mvua.

Siku iliyofuata alimfundisha kupima pawa saplai. Tazim akakunjua kibanio cha karatasi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi, akawasha ukutani. Feni haikuzunguka. Imekufa, Salote akasema, na hiyo ndiyo habari njema, maana iliyokufa hubadilishwa. Akapiga simu dukani, wakamtumia mzee nyingine kwa gari la mkate. Tazim aliifunga asubuhi nzima, miwani puani, jasho likidondoka kwenye nyaya, na Kamrun amekaa nyuma yake bila kusema neno. Alipowasha, kompyuta ikalia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Salote akamwambia achomoe ramu, vile vipande vyembamba vya kumbukumbu, asugue meno yake ya shaba kwa raba ya penseli, azirudishe mpaka zilie "ta." Akafanya hivyo. Maandishi yakatokea kwenye kioo.

Tazim akajikuta anatabasamu. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitengeneza tangu Machi ile.

"Saa yake haiko sawa," alisema kwenye simu.

"Betri ndogo imekwisha. Hiyo ya duara, kama sarafu. Ikifa, saa inarudi mwaka ilipotengenezwa bodi. Badilisha, uweke tarehe upya. Imeandika mwaka gani?"

Tazim akasogeza miwani. "Mwaka jana. Tisa Machi. Saa kumi na dakika kumi."

"Soma tena," Salote akasema.

"Tisa Machi, mwaka jana. Saa kumi na dakika kumi."

"Haiwezi kuandika hivyo, mjomba. Ingekwenda nyuma miaka kumi huko. Hiyo tarehe imeitoa wapi?"

"Ndiyo siku ile, alasiri ile."

"Najua ni siku gani." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Izime. Barabara ikifunguliwa nakuja mwenyewe. Mama asiione kwanza."

Tazim akageuka. Kamrun alikuwa amesimama nyuma yake na rimoti mkononi, uso wake umefunguka kama mlango.

Hakuizima.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri, na Tazim hakutaka kuzichunguza. Betri alibadilisha, tarehe akaiweka, tarehe ikarudi Machi tisa, akaiacha. Kamrun alikula roti na dengu akiwa na Irshaad wake wa miaka minne, akaomba chai, akaomba na chumvi kidogo kwenye dengu. Tazim alipanda juu ya paa kupigilia mabati akiwa na moyo mwepesi. Akiwa huko juu, jua kali la alasiri mgongoni, alimsikia mkewe akicheka.

Kuongea na picha haikuwa ajabu, Kamrun alifanya hivyo siku zote. Ila siku zote aliongea juu ya sauti ya mkanda bila kuingojea. Sasa alisema, akanyamaza, kisha akasema tena, kama mtu aliye kwenye simu. Na pale aliponyamaza, kitu kilinong'ona.

Tazim akashuka ngazi polepole.

Kwenye kioo kulikuwa na mkanda wa samaki. Aliujua mkanda ule kwa moyo: Irshaad yuko uani, amewapa mgongo, anageuza samaki kwenye karai, kisha anageuka, anaona kamera, anasema, "Mama, zima hiyo." Sekunde thelathini na kitu. Sasa Irshaad alikuwa amewapa mgongo vilevile, lakini hageuki. Samaki walikuwa wameshakuwa weusi. Moshi ulikuwa mwingi kwenye kioo, mkono wenye kijiko hautikisiki, na kisogo kile, nywele zile ambazo Tazim alizikata mwenyewe kwa mkasi hapo barazani, vilikaa tu bila kugeuka, na sauti haikutoka kwake, haikutoka kwenye spika za mbele wala ya katikati, ilitoka kwenye zile mbili za nyuma ya kiti, karibu kabisa na masikio ya Kamrun, sauti ya mwanawe, chini, na maji ndani yake.

"Mama, huku baridi."

"Nitakuletea shuka," Kamrun akasema.

Sakafu nyuma ya kiti ilikuwa imelowa. Visigino vya Kamrun vilikuwa vimelowa. Harufu ya tope ilijaa sebule yote, na jua lilikuwa linaingia madirishani kama kawaida, na kule barabarani mtu alikuwa anauza ndizi. Tazim akavuka chumba, akazima swichi ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Baba," spika zikasema, bila umeme. "Usizime."

Tazim alikaa chini mbele ya kiti cha mkewe. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunong'ona kana kwamba kuna mgonjwa chumbani, kwamba kile si kitu cha kuzungumza nacho, kwamba maji haya hayatoki hapa, atazame nywele zake mwenyewe, zimelowa na hajaoga. Kamrun alizishika, akazikamua kama nguo.

"Baba Irshaad," alisema taratibu, "usiniulize ni nani. Ananiita Mama. Wewe ulipoacha kumtaja jina humu ndani, nilikuuliza kwa nini?"

Usiku huo Kamrun alipakua sahani tatu.

Salote alifika Alhamisi, barabara ilipofunguliwa, na begi lake la vifaa na fungu la samaki wa kopo kwa ajili yao. Kamrun alikuwa amelala. Alikuwa amekonda hata Salote, ambaye hakosi la kusema, alimchungulia tu mlangoni mwa chumba na kumwacha. Kisha akakaa sakafuni, akafungua sanduku, akavaa taa yake ya kichwani.

Alianza na mizaha ya kumtuliza Tazim. Akasifu nyaya zilivyopangwa, akasema mzee angeajiriwa dukani. Akapima pawa saplai, ikawa nzima. Akapima ramu, ikawa nzima. Kisha mkono wake ukasimama.

"Mjomba. Diski uliichomeka lini?"

"Sikuigusa diski."

"Uliitoa ulipobadilisha pawa saplai. Lazima uitoe, iko njiani."

Tazim akakumbuka kweli aliitoa, akairudisha, akaifunga skrubu zake nne.

"Skrubu umefunga," Salote akasema. Akainua waya mwembamba mwekundu, ncha yake ikining'inia. "Huu ndio waya wake. Haujachomekwa popote. Na wa umeme wake huu hapa, na wenyewe hivyohivyo." Akamtazama, na taa ya kichwani mwake ikamwangaza Tazim usoni. "Picha zote ziko kwenye diski, mjomba. Tangu siku ile mlikuwa mnatazama nini?"

Feni, iliyokuwa imezimwa, ikazunguka mara moja na kusimama.

Salote akarudisha vifaa vyake kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayeondoka mbele ya mbwa. Diski aliichukua, akaikumbatia kifuani. Huko barazani alisali kwa dini yake, midomo ikitikisika, akamaliza akamwambia Tazim kwamba hii si kazi ya fundi. Amwite maulvi wao, shehe wa msikitini.

Maulvi Sahadat alikuja siku ya pili, baada ya swala ya Ijumaa. Alikuwa mzee wa goti bovu, na alipanda ngazi akishikwa mkono. Hakuwa mtu wa makuu. Aliomba kiti cha plastiki na beseni la maji safi, akaketi katikati ya sebule, akasoma Ayatul Kursi, akasikiliza. Akasoma tena. Maji ndani ya beseni yakaingia tope bila mtu kuyagusa.

Alimwita Tazim karibu, akamweleza kwa sauti ndogo. Alisema yako majini ya mtoni, yanakaa penye vina vya maji. Jini hili lilikuwapo pale mtoto alipokuwa anaita, likaisikia sauti yake ya mwisho, likaichukua. Nyaya zilipoangukia mtoni likapata njia ya kuja. Angeweza kusoma mpaka kesho na keshokutwa, lakini halitatoka, kwa sababu halikuvunja mlango. Limekaribishwa.

"Mwenye kulikaribisha ndiye wa kulikataa," alisema. "Mwite mama."

Kamrun akaja, akakaa kwenye kiti chake. Maulvi alizungumza naye kwa upole mkubwa. Alimwambia yeye mwenyewe alizika watoto wake wawili, anajua anachomwomba. Amwambie tu huyu kwamba si mwanawe, mara tatu, kwa moyo wake.

"Siwezi," Kamrun akajibu.

"Unajua si yeye."

"Najua nilivyokuwa kabla hajaja. Huko sirudi."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi na dakika kumi. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa ubavu, haina diski, waya wake uko sakafuni kama siku ile ya muhogo. Kioo kikawaka. Hakikuwa na picha, kilikuwa na rangi tu, rangi ya maji ya mto yakiwa na udongo, yakienda. Maulvi akaanza kusoma kwa sauti, na sauti ya Irshaad ikaja juu ya usomaji wake, ikitoka nyuma ya kiti, ikitoka mbele, ikitoka kila upande.

"Mama, wanataka unifukuze."

Kamrun akafumba macho.

"Mama, kabla hujanifukuza, muulize Baba. Muulize nani alinipigia simu. Muulize nani aliniambia nije upesi, mchezo unaanza. Nilikuwa nizunguke darajani, Mama. Muulize."

Maulvi akaacha kusoma. Tazim alihisi maji ya baridi yakipanda kwenye vifundo vya miguu yake, na labda yalikuwapo na labda hayakuwapo, hakuweza kuinama kuangalia, kwa sababu mkewe alikuwa ameshageuka na kumtazama, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumwona akimtazama hivyo, wala kwa hasira wala kwa swali, bali kama mtu anayetazama nyumba yake ikichukuliwa na mafuriko na anahesabu vilivyobaki.

"Ni kweli?" Kamrun akauliza.

Angeweza kukataa. Nani angeamini jini? Alilifikiria hilo, na baadaye alijiona mchafu kwa kulifikiria.

"Ni kweli," alisema. "Televisheni haikuwa na sauti. Nikampigia."

Kamrun akasimama, mara ya kwanza siku hiyo bila kushikwa, akakisogelea kioo mpaka mwanga wa maji yale ukawa unatembea usoni pake.

"Alipokuwa na miaka tisa," alisema, na hakuwa akimwambia mumewe wala maulvi, "baba yake aliangusha bakuli la marehemu mama yangu. Nilikuwa na hilo moja tu. Irshaad akasema ni yeye. Nilimchapa mpaka mkono ukaniuma. Hakusema. Nilikuja kujua ameshakuwa mtu mzima, na hakuniambia yeye, aliniambia baba yake." Akashika kioo kwa viganja viwili. "Irshaad wangu asingemsema baba yake. Angekufa na siri hiyo. Na ndivyo alivyokufa."

"Mama—"

"Wewe si mwanangu."

Sauti ikabadilika. Ikawa ya mtoto wa miaka minne, ya asubuhi, ya usingizini. Ikasema maji ni baridi, ikasema haoni kitu, ikamwomba amshike. Tazim akataka kumkimbilia mkewe, lakini maulvi alimzuia kwa mkono. Usomaji ulikuwa umeanza tena, juu na haraka.

"Wewe si mwanangu," akasema Kamrun mara ya pili, akilia kwa sauti.

Ya tatu ilichelewa. Ilichelewa hata sauti ile ikaacha kuita Mama na kubaki inalia tu, kilio kidogo cha kitu ambacho hakina mtu duniani, na Kamrun akasikiliza kilio hicho kama kila mama anavyosikiliza, na kisha akasema mara ya tatu, polepole, kama anayemvua mtoto nguo zilizolowa.

Spika zote tano zikapasuka. Maji yakatoka ndani yake, meusi, yenye majani ya miwa, yakatiririka ukutani, yakapita katikati ya miguu yao, yakashuka ngazi za baraza na kupotelea kwenye nyasi. Feni ikakwaruza. Haikuzunguka tena.

Maulvi Sahadat alisoma mpaka magharibi kila pembe ya nyumba. Alipoondoka alimshika Tazim mkono kwa muda mrefu.

Salote aliifungua ile diski kwenye kompyuta yake dukani. Kila kitu kilikuwa salama, na kwenye mkanda wa samaki Irshaad anageuka kama kawaida. Aliirudisha ndani ya bahasha. Kamrun akaipokea, akaifungia kabatini pamoja na vyeti.

Kwa mumewe hakusema neno. Alihamia chumba cha Irshaad. Alipika, akampakulia, akaweka sahani mezani na kuondoka. Usiku Tazim alimsikia akitembea upande wa pili wa ukuta. Alitaka kubisha hodi, lakini hakujua angeomba msamaha kwa maneno gani, yaliyokuwapo yote yalikuwa madogo. Mabati akamaliza. Sebule akaipaka rangi pale maji yalipoacha alama. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku ya ishirini na tatu, alasiri, alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza akisuka kamba. Kamrun akatoka, akakaa ngazi moja na yeye, mwisho wa upande wa pili, akitazama miwa.

"Alijibu nini?" aliuliza.

Tazim akaacha kamba. "Nani?"

"Ulipompigia. Wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Alijibu nini?"

Maneno yale hakuwahi kuyatoa, hata peke yake, hata kwenye dua.

"Alisema, 'Nakuja, Baba. Mwambie Mama asipakue mpaka nifike.'"

"Hukuniambia," Kamrun alisema.

"Sikukuambia. Mchezo ulikuwa umeanza."

"Nilipakua." Alikuwa anazungumza na miwa. "Chakula kikapoa. Nikakifunika, kikapoa tena. Nikasema, mtoto huyu ameanza jeuri, hata kusema atachelewa hawezi. Neno langu la mwisho juu yake lilikuwa hilo." Akapangusa uso kwa shela, akasogea ngazini, karibu kidogo. "Sema tena. Usilifanye zuri. Sema kama alivyosema yeye."

Tazim akasema tena. Sauti yake ilikuwa ya mzee, haikufanana na ya Irshaad hata kidogo, na Kamrun alifumba macho akaisikiliza. Akamwomba tena. Jua likashuka nyuma ya kiwanda, adhana ikaja na kupita, naye akarudia na kurudia mpaka koo likamkauka, na hakuongeza neno hata moja.